Kwanini sisi watafutaji tunalikimbia tenti la kupima?

Mzee wa Duara
Wakuu habari za jioni, naenda kwenye mada moja kwa moja. Mimi ni mchimbaji mdogo mkoa wa Geita, mwaka wa tisa huu nazunguka, nimepita Chunya, nimepita Kahama, sasa nipo huku. Wiki iliyopita watu wa afya walikuja na tenti lao wakaliweka jirani na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, kupima VVU bure, kondomu bure, hata soda ulikuwa unapewa. Kambi yetu ukihesabu wachimbaji, wasaga mawe, akina mama wa chakula na wauza maji hatupungui mia mbili. Mpaka jioni wamepima watu kumi na saba, na mimi sikuwemo, nasema ukweli.

Kuna jamaa waliposikia gari linakuja walishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, wakati sio zamu yao, wakakaa huko chini mpaka gari likaondoka. Yaani chini kule kuna joto, hewa ya kupulizwa na mpira, duara linaweza kutitia muda wowote, na mtu anaona heri huko kuliko kutobolewa kidole.

Swali langu, tunaogopa nini hasa? Msinijibu elimu ndogo maana humu kambini kuna watu wana diploma zao kwenye begi. Nataka waliowahi kuishi maisha ya kutafuta waseme.

Kisu cha Miwa
Mkuu mimi nimekata miwa misimu minne mkoani Morogoro. Kwetu haikuwa woga, ilikuwa muda. Unaamka saa kumi usiku unaenda shamba, unalipwa kwa ulichokata sio kwa siku, sasa ukitoka kwenye mstari lisaa lizima hela inapungua na nyapara anakuandika mvivu. Unarudi saa nane tisa huko umejaa masizi ya miwa iliyochomwa mpaka puani, hata mama yako hakutambui, unaoga, unatafuta ugali. Tenti limefunguliwa saa tatu asubuhi limefungwa saa tisa. Ripoti inaenda wilayani kwamba wakata miwa wamegoma kupima. Hatujagoma, tulikuwa shamba.

Sikubali
Kisu cha Miwa acha bwana. Siku ya mshahara mnakata miwa? Siku mbili nzima watu wanakunywa na shamba limelala. Muda upo, kinachokosekana ni ujasiri. Mtu anajua alichofanya, ndo maana hataki karatasi imwambie.

Kisu cha Miwa
Na hiyo siku ya mshahara nani alishakuja na vipimo? Misimu minne sijaona. Jina lako linakufaa kabisa.

Karabai
Naunga mkono hoja ya muda ila kwetu ziwani ni mwezi. Mie navua dagaa visiwa vya upande wa Ukerewe. Dagaa wanavuliwa giza, tunawasha taa wanakuja kwny mwanga. Mbalamwezi ikiwaka hamna kazi, tunakaa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, siku kadhaa tunashona nyavu, wengine wanarudi kwao, wengine ndo hvo pombe na mambo mengine. Sasa hawa wapimaji wanakuja kwa kalenda yao ya ofisini. Wakija giza limetanda sisi mchana tumelala kama maiti maana usiku kucha tulikuwa majini, unamwamsha mtu saa tano asubuhi umwambie njoo upime ngoma, atakutukana. Wangeuliza mvuvi yeyote mbalamwezi inawaka lini, wangetupata wote tumekaa tu.

Hoja Kwanza
Mada nzuri mleta mada. Niweke takwimu kidogo ili tusiongee hewani. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4. Wanaoishi na VVU waliokuwa wanajua hali zao ni kama asilimia 83, na katika hao wanaojua karibu 98 wanatumia dawa. Kwa hiyo tatizo kubwa halipo kwenye kumeza dawa, lipo kwenye kujua. Na kwa kuzunguka namna hii Geita lazima ndiyo inaongoza nchi.

Nesi wa Zamu
Hoja Kwanza takwimu za kitaifa uko sahihi, hiyo ya Geita siyo. Kwenye utafiti huohuo inayoongoza ni Njombe asilimia 12.7, kisha Iringa 11.1, kisha Mbeya 9.6. Ila hiyo mikoa nayo ina watafutaji wake, mashamba ya chai, misitu ya mbao, na barabara kuu ya malori ya kwenda Zambia inapita Makambako. Kwa hiyo hoja ya kuzunguka haijafa, mkoa tu ndio umekosea.

Mimi ni nesi, nimefanya huduma za mkoba miaka mingi, machimboni na mialoni. Kwa Kisu cha Miwa na Karabai nakiri mnachosema ni kweli. Ratiba inapangwa kwa mafuta ya gari na posho ya dereva, tukichelewa kurudi usiku hakuna wa kutulipia pa kulala. Na tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada mambo yamekuwa magumu zaidi, wenzangu waliokuwa wanalipwa na mradi waliambiwa wakae nyumbani, na wao ndio walikuwa wanaenda usiku. Naandika hivi naumia kwa sababu nawajua watu waliokuwa wanatusubiri.

Mama Ntilie wa Makarasha
Jamani nami niongee kwa niaba ya wanawake wa huko machimboni. Sisi tunapimwa kuliko nyie wanaume sio kwa sababu tuna ujasiri, ni kwa sababu tunabeba mimba. Ukienda kliniki mara ya kwanza wanakwambia njoo na mwenzio. Mwenzio yuko wapi? Kaenda kwenye machimbo mapya Chunya, simu haipatikani. Unaambiwa basi lete barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba huna mume. Mwenyekiti hakujui, wewe umekuja juzi na sufuria zako mbili, anataka kwanza hela ya karatasi. Kuna dada nilikuwa nafanya nae kazi alizunguka na hiyo barua mpaka mimba ikafika miezi saba ndo akapimwa.

Na wanaume wenyewe, akisikia mkewe yuko salama anafurahiiii, anajua na yeye kapima. Anapima kwa damu ya mwenzie.

Sikubali
Lakini si kweli hiyo? Mke akiwa mzima na mnaishi pamoja wewe utakuwa nao vipi?

Nesi wa Zamu
Hapana kaka, hapo watu wengi wameumia. Wapo wenza wengi mmoja anao mwingine hana, na wanaweza kukaa hivyo miaka. Jibu la mkeo ni la mkeo. Na wewe ukipima leo ukakutwa huna huku ulijiweka hatarini wiki iliyopita, rudia baada ya miezi mitatu, kuna kipindi kipimo hakioni. Na nikiri kitu kimoja kwa Mama Ntilie, hiyo barua ilikusudiwa kuwavuta wanaume waje, lakini kwa mwanamke mgeni inageuka kuwa mlango uliofungwa. Hakuna mama anayetakiwa kurudishwa bila kupimwa kwa kukosa barua.

Binti Pangani
Hamjambo. Mimi nilikuwa Muscat tangu 2016, kazi za ndani, miaka minne. Naomba niwaambie kwa nini sisi wa Uarabuni tunaogopa kipimo, sababu yetu ni tofauti kabisa na yenu. Kwetu kipimo hakiji kukusaidia, kinakuja kukuchuja. Kabla hujaondoka unapelekwa na wakala kituoni Dar, mnapanga foleni wasichana thelathini, damu, mkojo, picha ya kifua. Hakuna anayekuuliza uko tayari, hakuna anayekueleza wanatafuta nini. Baada ya siku mbili jibu linakwenda kwa wakala, si kwako. Unafaa au hufai, basi.

Ukifika kule unapimwa tena kabla hujapewa bataka, yaani kitambulisho cha ukaazi. Mwenzangu tuliyesafiri pamoja aliitwa na bosi wake siku moja asubuhi, akaambiwa funga mzigo. Alifikiri kaiba kitu, alilia njia nzima akiapa hajagusa dhahabu ya mtu. Amekuja kujua Tanga miezi mingi baadaye alipoanza kuumwa, kumbe ndio sababu. Waliokuwa wanajua ni kituo, wakala na bosi. Yeye mwenye damu hakuambiwa.

Sasa mtu kama huyo akirudi kijijini halafu mumuambie njoo tentini upime kwa hiari, hilo neno hiari atalielewa vipi?

Mzee wa Duara
Binti Pangani pole sana. Hili sikulijua.

Hoja Kwanza
Na hapa kwetu sheria inakataza hayo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na sheria ya ajira ya 2004 imetaja wazi kwamba kubagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU ni marufuku. Shida ni kwamba nchi za Ghuba zina sheria zao na viza ni ya kwao.

Kisu cha Miwa
Sheria ipo lakini kibarua wa msimu hana mkataba wa kushika mkononi. Hawakufukuzi, msimu ujao tu jina lako halipo kwenye orodha. Utamshtaki nani? Pale tulipokuwa mimi zahanati ya kambi ilikuwa ya mwajiri, na karani wa zahanati alikuwa anakunywa na nyapara. Simaanishi alisema chochote, ila wewe ungepima pale?

Karabai
Hapo umeongea pointi. Usiri ndo kila kitu. Mwaloni nyumba za mabati zimebanana, mtu akikohoa wa nne anaitikia pole. Ukiingia tentini ukakaa dkk kumi wote wanajua huna, ukikaa nusu saa wote wanajua unao maana wanajua kipimo cha pili ni cha kuthibitisha. Watu wanahesabu dakika kabisa!! Kuna jamaa alichelewa mle kwa sababu nesi alikuwa anaongea na simu, alivyotoka mpenzi wake keshahamisha nguo.

NyarNam
Hamjambo majirani, mimi niko upande wa Kenya, Homa Bay. Karabai umenikumbusha beach ya kwetu. Lakini mbona hakuna mtu ametaja jaboya? Huku mwanamke muuza samaki ili apewe samaki inabidi awe na uhusiano na mvuvi, hiyo ndio tunaita jaboya. Na mvuvi anafuata samaki, leo yuko beach hii, kesho ile, kila beach ana mwanamke wa kumpikia. Sasa huyo mama akipima apatikane nayo, ikijulikana, hakuna mvuvi atampa samaki tena na watoto watalala njaa. Si kifo anaogopa, ni kukosa biashara. Ukitaka apime, kwanza awe na pesa ya kununua samaki bila kuomba mtu.

Karabai
NyarNam huku pia yapo, hatuna jina zuri kama lenu tu.

Mzee wa Bukoba
Vijana wangu nimesoma yote. Mimi ni wa Kagera, na ndugu zangu wengi nimewazika. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana kwetu 1983, watatu. Na sisi tuliuita Juliana, kwa sababu ya mashati yaliyokuwa yanakuja na walanguzi kutoka Uganda baada ya vita vya Amin, yameandikwa hivyo. Kijana akivaa Juliana, ana hela, baada ya muda anakonda anakufa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ugonjwa huu tuliufunga kwa mtu wa safari, mtu wa biashara, mtu wa kutoka na kurudi. Aliyekaa nyumbani analima kahawa alionekana safi. Hiyo lawama ndiyo mnabeba nyinyi mpaka leo. Mtafutaji akipima akakutwa nao haambiwi pole, anaambiwa tulijua.

Sikubali
Shikamoo mzee. Lakini hayo ya zamani, saizi watu wanajua ni ugonjwa kama sukari. Kikwete mwenyewe si alipima hadharani 2005 na watu wakafuata.

Hoja Kwanza
Ilikuwa 14 Julai 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, yeye na Mama Salma. Na kweli watu walifuata kwa wingi mwaka ule, mimi mwenyewe nilipima wakati huo nikiwa chuo.

Mzee wa Bukoba
Marahaba Sikubali. Umejibu haraka ila hujajibu nilichosema.

Karabai
Tukishaongelea watu kufuata, 2011 mwaloni kwetu watu walichanga nauli kwenda Loliondo kwa babu aliyekuwa anagawa dawa ya mitishamba, kikombe elfu moja. Waliorudi walitupa dawa zao ziwani, nimeona kwa macho yangu. Wakaambiwa warudi kliniki wakaona aibu. Wengine hatunao.

Mama Ntilie wa Makarasha
Kikombe kilikuwa mia tano sio elfu. Mama yangu mdogo alienda. Nauli ndo ilikuwa mauaji.

Kisu cha Miwa
Tusiende Loliondo jamani turudi. Wakuu vipi vile vya kujipima mwenyewe, vya kupitisha kwenye fizi? Si vinamaliza mambo yote ya tenti na saa na aibu?

Sikubali
Vile si haramu kisheria? Na kama vinapima mate maana yake ugonjwa upo kwenye mate, sasa mbona mnatuambia kula pamoja hakuna shida?

Nesi wa Zamu
Vyote viwili sivyo. Sheria ilirekebishwa Novemba 2019, kujipima kukaruhusiwa, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Na kile kipimo hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza, na hao wanapatikana kwenye ute wa fizi. Kula pamoja hakuna shida.

Unapitisha fizi ya juu mara moja na ya chini mara moja, unatumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20 na usisome baada ya dakika 40. Mistari miwili siyo jibu la mwisho, lazima ukathibitishe kituoni. Na kama tayari unatumia dawa usikitumie, kinaweza kukuambia huna.

Mama Ntilie wa Makarasha
Dada nesi vinasaidia ila mimi nimeona mwanaume amemlazimisha msichana ajipime mbele yake gesti kabla hajampa hela. Kwa hiyo navyo vina mambo yake.

Mzee wa Duara
Wakuu nashukuru kwa michango. Kuna kitu sikukiandika mwanzo kwa sababu kilikuwa kizito kidogo.

Nilikuwa na mwenzangu, tumechimba duara moja zaidi ya mwaka, tumelala chumba kimoja. Kikohozi kilimshika akasema ni vumbi la mawe, na sisi wote tunakohoa kwa hiyo nani atashtuka. Akakonda. Tulimpeleka hospitali amechelewa, kifua kikuu, hakumaliza wiki. Nilipofungua begi lake nitafute namba ya ndugu nikakuta chini kabisa ndani ya soksi kadi ya CTC, kliniki ya dawa za VVU. Imefunguliwa Mbeya. Tarehe ya mwisho kuchukua dawa ilikuwa miezi kumi na nne nyuma, ni mwezi uleule aliohamia huku kwetu.

Kwa hiyo yeye alipima. Alikuwa anajua, na alikuwa anameza dawa vizuri tu huko. Hata ile siku ya tenti la mwaka jana tulikaa wote kwenye magogo tunacheka wanaoingia, na yeye anacheka. Tangu hapo najiuliza, labda tunachokimbia sio kipimo. Ukishapima unapewa kadi, kadi ina kituo, kituo kina tarehe, na maisha yetu hayana kituo wala tarehe. Dhahabu ikisikika mahali unaondoka usiku huohuo. Ukienda kliniki mpya unaanza upya, unaulizwa barua ya uhamisho iko wapi, unakaa kwenye benchi ambalo kila mtu mjini anajua ni la nini. Alikuwa na miaka 31.

Binti Pangani
Innalillahi. Pole kaka yangu.

Nesi wa Zamu
Pole sana. Nimesoma mara mbili.

Niseme hili kwa anayesoma kimyakimya na ana kadi kwenye soksi. Barua ya uhamisho ni nzuri lakini kukosa barua siyo sababu ya kunyimwa dawa. Nenda na kadi, au na kopo tupu, au na mdomo wako tu useme nilikuwa natumia dawa. Ukiwa safarini unaweza kuhudumiwa kituo kingine kama mpita njia. Aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, sasa mwambie mhudumu kazi yako ni ya kuhama, usione haya. Kidonge ni kimoja kwa siku. Na ukimeza vizuri mpaka kirusi hakionekani kwenye kipimo, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana.

Na ule udhuru wa vumbi. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu kweli, na linafungulia njia kifua kikuu, na VVU ikiwepo hatari inazidishwa tena. Mchimbaji anayekohoa wiki mbili akapime vyote.

Kisu cha Miwa
Nesi hizo haki ni nzuri ila nimeshaona mtu anarudishwa dirishani kwa kukosa barua. Alisafiri kilomita tisini.

Nesi wa Zamu
Najua hutokea, na inaniuma. Akatae kuondoka, amuombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo.

Sikubali
Mzee wa Duara pole ndugu yangu, hiyo imenigusa. Ila bado nabaki kwenye langu kidogo. Nesi anasema dawa angepewa hata bila barua. Kilichomzuia ni kwamba wewe uliyelala nae chumba kimoja usijue. Huo ndio woga niliosema tangu mwanzo.

NyarNam
Na angekuambia, ungebaki kulala na yeye chumba kimoja?

Mzee wa Duara
NyarNam hilo nimejiuliza sana. Nataka kusema ndiyo.

Karabai
Dada nesi kama unaweza kuwafikishia wakubwa, mbalamwezi ya mwezi huu inaanza wiki ijayo. Mwaloni tutakuwepo.